Naomba ushauri: nimfariji vipi mama aliyeugua kwa miaka mingi?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mama yangu mzazi anaugua baridi yabisi; vidole vyake vimepinda kiasi kwamba hawezi kufunga vifungo vya blauzi, na kurasa za Biblia huzifunua kwa ubavu wa kiganja. Maumivu anayavumilia. Kinachomvunja moyo ni baadhi ya waumini wanaokuja kumwombea na kuondoka wakimwambia kwamba imani yake ni haba au kuna dhambi hajaitubu, maneno yaleyale ya rafiki zake Ayubu, ambao Mungu mwenyewe aliwakasirikia (Ayubu 42:7).

Nimemsomea 2 Wakorintho 12, ambapo Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wa mwilini na badala ya kuondolewa akaambiwa kwamba neema yatosha. Anakubali, lakini usiku maumivu yakizidi huniuliza kama kumeza dawa ni kukosa imani. Mimi naona sivyo, maana Luka aliitwa tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), ingawa jibu hilo, kwa mtu anayelia saa nane usiku, ni kavu mno.

Naomba wachungaji, na hasa ninyi mliowahi kuuguza wazazi, mnishauri: nimwambie nini saa ile, au ninyamaze tu na kuomba naye Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno la faraja? Na wageni hao niwazuieje kwa heshima, bila kumtenga mama na ushirika anaoupenda?