Mashine ya kukaushia inapata joto, lakini nguo zinatoka na unyevu

Muulizaji: Ndugu zangu, naomba ushauri. Tunaishi Columbus, Ohio, katika nyumba ya kupanga yenye mashine ya umeme ya kukaushia nguo, ile inayotoa hewa nje kwa bomba. Zamani taulo zilikauka kwa saa moja. Siku hizi nalazimika kurudia, na bado mishono ya suruali za jinzi inabaki na maji, ingawa nguo zote zinatoka zikiwa za moto sana. Chujio la manyoya, yaani vinyuzi vinavyotoka kwenye nguo, nalisafisha kila ninapokausha. Je, nimwite fundi abadilishe waya wa joto?

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, dada. Maadamu nguo zinatoka za moto, waya huo hauna kosa. Joto peke yake halikaushi. Hewa ya moto hupita katikati ya nguo, ikachukua mvuke, na mvuke huo usipopata njia ya kutoka nje, nguo hubaki zikifukutwa humo humo. Washa mashine, kisha uende nje uweke mkono penye mdomo wa bomba ukutani. Upepo unapaswa kuwa wa nguvu, na kifuniko kiinuke chenyewe.

Mchangiaji wa pili: Nakubaliana naye, ila chujio nalo lisiachwe, hasa kama unatumia vile vitambaa vya kulainisha nguo, kwa kuwa huacha utando usioonekana kwa macho. Limiminie maji ya bomba: yakituama juu ya wavu badala ya kupenya, lisugue kwa brashi laini na sabuni ya vyombo.

Muulizaji: Ahsanteni. Maji yamepenya vizuri, lakini kule nje kifuniko hakiinuki kabisa, na pembeni mwake pameganda manyoya ya kijivu.

Mchangiaji wa kwanza: Basi ni bomba. Mwarifu mwenye nyumba leo hii na usiitumie mashine kabla halijasafishwa, kwa sababu manyoya hayo hushika moto upesi mno. Plagi ichomolewe kwanza, mashine ivutwe mbele, kisha bomba lipitishwe brashi ndefu toka mwanzo hadi mwisho. Likiwa la plastiki, msikubali lirudishwe. Liwekwe la chuma, laini kwa ndani, la inchi 4, lenye kona chache iwezekanavyo. Viungo vyake vizibwe kwa utepe wa alumini, si kwa skrubu, maana ncha za skrubu zikiingia ndani hunasa manyoya na bomba litaziba tena.