Naombeni ushauri: ditekta yangu ya gama asubuhi inasoma vizuri, mchana inaharibika

kijana_wa_maabara
Wakuu salaam. Natengeneza moduli ya kamera ndogo ya gama (inaonyesha miale ya gama inatoka wapi) kwa mradi wa shahada ya pili, hapa Dar. Fuwele, inayotoa mwanga ikigongwa na gama, ni CsI (iodidi ya sesiamu) yenye thaliamu, bapa, unene mm 10. Chini yake nimepanga SiPM 16 (vihisi vidogo vya mwanga vya silikoni, 4×4) za Hamamatsu, S13360. Gama ikigonga fuwele, mwanga unagawanyika kwenye hizo SiPM, na programu inakokotoa imegonga wapi kwa kuangalia ipi imepata mwanga mwingi. Ni mtindo wa Hal Anger wa miaka ya 1950, ila yeye alitumia mirija ya fotomaltiplaya.

Shida ni hii. Saa mbili asubuhi kilele cha Cs-137, chanzo cha mionzi ninachopimia (nishati yake keV 662), kinakaa chaneli 612 kwenye grafu ya nishati. Ikifika saa nane mchana kiko 438, nje kabisa ya dirisha la nishati nililoweka, na picha inabaki vidoa tu kama TV ya antena ya waya. Kesho yake asubuhi kimerudi 612 kana kwamba hakijatoka. Nimebadilisha kebo, nimepaka upya grisi ya silikoni, nimeifunga upya fuwele kwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Wapi!

Nafikiria kununua kipoozeo cha Peltier niishushe hadi nyuzi 5. Msimamizi anataka picha mwisho wa mwezi. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_tochi
Pole kijana. Fuwele imekunywa maji hiyo, unyevu wa Dar si wa mchezo. Tafuta nyingine. Halafu hiyo Cs-137 umeitoa wapi, una kibali?

kijana_wa_maabara
Mzee, chanzo ni cha idara, kimo kwenye leseni ya TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki), na kinarudi kabatini kila jioni kwa sahihi.

Bi_Fotoni
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Inayokunywa maji kama biskuti ni fuwele ya NaI (iodidi ya sodiamu). CsI yenye thaliamu inavumilia kiasi. Na fuwele iliyoharibiwa na maji haiponi kwa kulala usiku mmoja.

Kijana, umepima joto ndani ya kisanduku? Si la chumba, la ndani.

kijana_wa_maabara
Nimepima sasa hivi dada. Asubuhi ilikuwa 24, saa hizi 36. AC tunaizima saa nne kubana matumizi.

Bi_Fotoni
Basi ugonjwa umepatikana. SiPM inaanza kukuza mapigo pale volti inapovuka kizingiti chake, na kizingiti kinapanda na joto: kwa S13360 ni mV 54 kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 12 ni kama V 0.65. Wewe unaiendesha volti ngapi juu ya kizingiti?

kijana_wa_maabara
3, kama karatasi ya data inavyopendekeza.

Bi_Fotoni
Kwa hiyo mchana umebaki na 2.35. Ukuzaji peke yake umeshuka karibu asilimia 22, na uwezo wa kukamata fotoni nao hupungua volti za ziada zikipungua. Ndiyo maana umepoteza asilimia 28. Fuwele haina kosa.

Peltier achana nayo. Watu huipoza SiPM ili kupunguza mapigo ya gizani (yanayotokea bila mwanga wowote), ambayo huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10. Lakini wewe fuwele yako inatoa kama fotoni 54 kwa kila keV, yaani gama moja ya Cs-137 inazaa zaidi ya 35,000. Mapigo ya fotoni mojamoja yatakufanya nini hapo? Na kwa hewa ya Dar, ukishusha hadi nyuzi 5 umande unatua kwenye bodi, hapo ndipo utamtafuta mzee_wa_tochi akupe pole ya kweli.

Bandika themista (kihisi cha joto) nyuma ya bodi ya SiPM, igusane nayo kabisa, kisha microcontroller iongeze volti kwa mV 54 kila nyuzi ikipanda moja. Ukibadilisha aina ya SiPM, badilisha na namba: J-Series ya onsemi ni mV 21.5.

fundi_saketi
Naongezea. Ukiweka chanzo katikati kabisa, picha ya mchana inakionyesha katikati?

kijana_wa_maabara
Kinasogea kama mm 2 kuelekea upande wa dirisha la chumba. Nilidhani nimekigusa mwenyewe.

fundi_saketi
Regyuleta ya volti umeiweka wapi?

kijana_wa_maabara
Kona ya upande wa mlango, mkabala na dirisha... 😳

fundi_saketi
Haya. SiPM zote zikishuka sawasawa, mahali hapabadiliki, kwa sababu programu inatumia uwiano. Lakini kona ya regyuleta ina joto zaidi, inashuka kuliko wenzake, programu inaona mwanga umekimbilia dirishani. Hili themista moja haliponyi. Itoe regyuleta kwenye bodi, ilete kwa waya wa sentimita 20, na kapasita uibakize karibu na SiPM.

kijana_wa_maabara (wiki moja baadaye)
Narudi na mrejesho. Regyuleta imehama, themista imebandikwa. Jana asubuhi 612, saa nane mchana 607. Doa limetulia katikati. Dada na fundi, Mungu awabariki. Mzee, fuwele yako haijafa!

mzee_wa_tochi
Nimekubali yaishe.

Bi_Fotoni
Safi. Sasa usikalibreti kwa nukta moja tu ya nishati, hiyo ya Cs-137. Nunua ile chumvi ya wagonjwa wa presha, nyuma ya pakiti isomeke kloridi ya potasiamu. Potasiamu ina mionzi kidogo ya asili: katika kila gramu atomi kama 31 huvunjika kwa sekunde, na takriban 11 katika kila 100 hutoa gama ya keV 1461. Fuwele ya mm 10 ni nyembamba kwa nishati hiyo, kwa hiyo zungushia pakiti kadhaa uache usiku kucha. Na haihitaji sahihi ya kabatini.

kijana_wa_maabara
Nimechukua pakiti sita leo. Dada wa kaunta kanitazama, kaniuliza nyumbani tunaumwa presha wangapi.