Pini ya soketi ya taa: seti ya dukani, spoku au nikate waya?

Mwenye Noah, Soweto Mbeya
Wakuu, habari za baridi. Taa yangu ya mbele kulia inawaka na kuzima. Pini moja kwenye soketi imeota kutu ya kijani, na kila nikichomeka inarudi nyuma. Fundi anataka akate waya aunge upya. Nimkubalie, au ninunue seti ya kuchomolea pini?

Fundi Uyole
Usikate, mkuu. Pini inashikwa na kiulimi kidogo cha bati. Kuulaza huo ulimi, mimi natumia spoku ya baiskeli niliyoisugua kwa tupa mpaka ncha ikawa bapa kama ukucha. Ila kabla hujaingiza chochote, sukuma waya mbele, kuelekea mdomo wa soketi, ulimi upate nafasi. Wengi huanza kwa kuvuta. Hapo ulimi unang'ang'ania na plastiki inapasuka. Na toa kichwa cha betri kwanza.

Binti wa VETA, Iringa
Shikamoo fundi. Niongezee: soketi nyingi zina kufuli ya pili, kile kipande cha plastiki chenye rangi tofauti. Kisipoachia, hata zana ya bei mbaya haitoi kitu. Spoku inafaa pini bapa. Pini ya duara inataka mrija, mfano kipande chembamba cha antena ya redio. Seti ina vyote viwili, lakini zile za bei chee hupinda mapema.

Dereva, Makambako
Mimi nilikata nikalehemu. Risasi ilipanda ndani ya waya ukawa mkavu, mtikisiko wa barabara mbovu ukaukata pembeni ya kiungo. Kata tu kama soketi imeyeyuka.

Mwenye Noah
Imetoka kwa spoku! Ulimi umelala. Nirudishe hivyohivyo?

Fundi Uyole
Hapana, itarudi nyuma tena. Inua ulimi kwa ncha ya kisu, kidogo sana. Pini jike, ile yenye tundu, ikiwa imepanuka, ibane taratibu. Kijani kikiwa kimeila, weka mpya. Sukuma mpaka isikike "ta", halafu vuta waya polepole uone kama imeshika.

Mwenye Noah
Imelia. Nimeshuka Mwanjelwa na kurudi, taa haijazima.

Binti wa VETA, Iringa
Kaka, ule mpira wa kuzuia maji umeurudisha?

Mwenye Noah
Upo mfukoni, dada. Nafungua tena sasa hivi.