Mti ulijuaje kwamba twiga anakuja?

Baba Zawadi, Rongai:
Wadau, niokoeni. Jumapili tulikuwa Mbuga ya Nairobi. Tulipoteremka kula, binti yangu akashika tawi la ile migunga mifupi yenye vinundu vyeusi, inayopiga mluzi upepo ukivuma. Kufumba na kufumbua sisimizi wamemjaa hadi kiwiko. Nikamwambia mti umewaajiri askari kwa sababu ya twiga. Akauliza, "Mti ulijuaje?" Nikajifanya natafuta chapati.

Mwalimu wa Bayo:
Haukujua chochote. Migunga haikuwa sawa tangu zamani. Mmoja ulivimba miiba kidogo, ikawa vinundu vyenye uwazi ndani, na kutoa maji matamu majanini, wa jirani haukutoa. Sisimizi wakahamia penye nyumba na chakula. Twiga aking'atwa ulimi, anaondoka mapema. Mti uliobakiwa na majani ukapata nguvu ya kuzaa mbegu nyingi, na miche ikarithi vinundu. Rudia hivyo vizazi kwa vizazi: huo ndio uteuzi asilia, na mabadiliko yanayotokana nao ndiyo mageuko.

Mfugaji wa Kitengela:
Askari gani hao? Mbuzi wangu wanamaliza miche yote.

Mwalimu wa Bayo:
Mche bado hauna vyumba vya kutosha, mzee. Askari watalala wapi?

Baba Zawadi, Rongai:
Nimesoma kuhusu Laikipia. Kuna migunga iliyozungushiwa ua tangu 1995, twiga na ndovu wasiingie. Baada ya miaka 10 ikapunguza vinundu na utamu. Si ndiyo mageuko hayo?

Mwalimu wa Bayo:
Hapo wengi huteleza, hata wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne. Ni miti ileile, imepunguza mshahara tu. Uteuzi asilia huhesabiwa kwa watoto: mbegu za nani zimeota kuliko za nani. Tena ubahili haukuisaidia. Sisimizi wakali walipungua, wakaja wazembe wanaowaachia mbawakawa watoboe shina, na miti ikadumaa.

Baba Zawadi, Rongai:
Zawadi anasoma begani kwangu. Anauliza kama askari anaweza kumgeuka tajiri wake.

Mwalimu wa Bayo:
Mwambie anaweza! Wale sisimizi wa kichwa cheusi hukata machipukizi ili matawi yasigusane na mti wa jirani wenye sisimizi wababe kuliko wao. Wao wako salama, lakini mti hautoi maua. Hapo uteuzi unavuta kamba pande mbili, na hakuna anayeshinda moja kwa moja.

Baba Zawadi, Rongai:
Ahsante, mwalimu. Sasa nani anajua dawa ya kuwashwa? Kiwiko bado kimevimba.