Nataka kuunga gitaa la umeme kipande kwa kipande, bodi nichongeshe hapa hapa Dodoma, nianzie wapi?

solo_nkuhungu
Habari za jioni wakuu. Mi napiga solo kwenye kwaya yetu hapa Dom, gitaa ni la kanisa na kila anayepita analigusa, sasa nataka langu ila sitaki la dukani, nataka niliunge mwenyewe. Shingo naagiza nje maana kupiga freti (vile vyuma vya kukatiza shingoni) kwa mkono bila vifaa ni mtihani, bodi, yaani mwili wa gitaa, fundi seremala wa mtaani atachonga kwa mninga. Ila kuna jamaa kaniambia nichukue mpingo kwa sababu wazungu wanatengenezea klarineti. Je ni kweli? Na zile pikapu, vile visumaku vya kunasa sauti ya nyuzi, nichukue za koili (waya uliozungushiwa sumaku) moja au mbili? Hela inakuja kidogo kidogo so naomba kujua kipi kinatangulia.

randa_na_msasa
Mkuu mpingo kwa bodi achana nao kabisa, ule ukiutupa kwenye maji unazama, utapiga ibada moja bega limekufa. Mpingo mahali pake ni ule ubao wa juu ya shingo unapokanyagia vidole, hapo unapendeza na haulikwi na nyuzi haraka. Bodi weka mninga, ni mbao tulivu, ikishakauka haihangaiki.

Shida ni hiyo "ikishakauka". Mbao nyingi za kwenye mabanda zinafika bado zina maji ndani, na hapa kwetu mvua ni Desemba mpaka Aprili basi, miezi mingine yote hewa inafyonza. Ukichonga mbichi, ikifika Agosti sehemu ya kuingilia shingo imeshapinda. Kata kipande chako, kiweke ndani kivulini kwenye vijiti ili hewa ipite chini na juu, pima uzito kwenye mzani kila wiki, ukiona uzito umeacha kushuka ndo umpelekee fundi. Usiianike juani utaipasua. Na fundi avae barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua vibaya sana.

Dom_Makole
Mi naomba nipingane kidogo. Ukijumlisha shingo, pikapu, daraja (pale nyuzi zinapokaa kwenye bodi), vya kukazia nyuzi, usafiri na ushuru, unapita bei ya gitaa zima la mtumba Kariakoo. Kama lengo ni kuhudumu Jumapili, nunua zima.

solo_nkuhungu
Nakuelewa kaka, kwa hesabu ya hela uko sahihi. Ila mi nataka kujua kila kitu kilichomo humo ndani, likisumbua nilifungue mwenyewe.

randa_na_msasa
Hapo nakuunga mkono. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, alianza kutengeneza lake na baba yake mwaka 1963, shingo waliitoa kwenye mbao ya dohani ya zamani, na ndo gitaa alilopigia maisha yake yote. Mbao ya mtaani sio aibu.

Sasa mpangilio: nunua shingo na daraja KWANZA, bodi ichongwe kufuata hivyo viwili, usichonge kwa vipimo vya kwenye picha. Shingo ya inchi 25.5 ni mm 648 kutoka kile kipande cha juu zinapopita nyuzi mpaka kwenye daraja, na freti ya 12 lazima ikae katikati kabisa yaani mm 324. Ukikosea hapo gitaa halitakaa kwenye tyuni hata ulipeleke wapi. Unene wa bodi mm 45 unatosha, mfuko wa shingo (shimo inapoingia) kwa kawaida ni upana mm 56 na kina kama 16, ila pima shingo yako ikifika, mfuko ubane mpaka shingo ibaki humo bila skrubu. Kabla ya kutoboa matundu ya daraja vuta uzi kutoka upande wa waya wa kwanza na wa sita, uone zote mbili zimeachana sawa na kingo za shingo. Vile vitandiko vya nyuzi kwenye daraja uviachie nafasi ya kurudi nyuma, waya nene huwa unahitaji mm mbili tatu zaidi.

lehemu_baridi
Kwenye umeme nisaidie mimi. Koili moja sauti yake inang'aa na inakata vizuri katikati ya kinanda, ila inavuma, na makanisani kuna taa na nyaya kila kona. Koili mbili zilibuniwa Gibson miaka ya 1950 kwa ajili hiyo hiyo, koili zinapingana ule mvumo unakufa. Kwa kwaya ningechukua mbili. Volyumu yake (kile kitufe cha kuzungusha) iwe ya 500k, yaani kilo-ohm 500, koili moja ndo 250k, ukichanganya sauti inakuwa butu au kali kupita kiasi.

Usisahau waya wa kutoka mgongoni mwa volyumu kwenda kwenye daraja. Ukishika nyuzi kelele ikapungua ujue umefika. Ila kwa sababu nyuzi zako sasa zimeunganishwa na ampu, kagua soketi za hapo kanisani kama zina ethi (waya wa ardhini) ya kweli, ethi ikiwa mbovu unaweza kupigwa shoti mdomoni ukigusa maiki huku umeshika gitaa. Muite fundi umeme apime kwanza, hata hilo la kanisa msichomeke mpaka apime.

solo_nkuhungu
Kumbe! Naongea na mzee wa kanisa kesho. @randa_na_msasa hiyo mbao niikate ikiwa kipande kimoja au viwili vya kugundisha?

randa_na_msasa
Viwili mkuu, ubao mmoja wa upana huo kuupata ni kazi na unapinda zaidi. Gundi ya mbao ile nyeupe, kingo zipigwe randa mpaka mwanga usipite, bana na klempu mpaka kesho yake.