MREJESHO: Vile vitabu mlivyonishauri

Wakuu habari za wikiendi. Mwezi uliopita niliuliza mnasoma nini kwa sasa maana mimi tangu nimalize fomu foo sijawahi kumaliza kitabu, mkanijazia majina kibao, asanteni sana aisee.

Aliyesema nianze na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ubarikiwe mkuu, nimemaliza siku 4, kumbe jamaa ni mzaliwa wa Ukerewe hapo ng'ambo tu na mimi nimekulia Mwanza sina habari! Yule mzee Zakaria, baba yake Rosa humo kitabuni, nilimsonya kwa sauti kwenye kivuko cha Kamanga mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akaniuliza kijana una nini.

Ushauri wenu wa kuacha simu chumba kingine ili nisome umefeli, naamka naifuata tu. Kivukoni ndo nasoma vizuri.

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Kitereza nimekwama ukurasa wa 60 hivi, mzee alimaliza kukiandika kwa Kikerewe 1945 kikatoka Kiswahili 1980, ila anaeleza kila kitu taratibuuu. Sijakiacha lakini, nagusa kidogo kidogo.

Kuli ya Adam Shafi sijaipata, mwenye nakala Nyamagana au Ilemela aniazime, narudisha kweli.