Tahasusi ya PMCs kwa mtoto asiye na kompyuta nyumbani

Mama wa Pasua, Moshi
Habari zenu. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, anataka PMCs: fizikia, hisabati na sayansi ya kompyuta. Mjomba wake anamvuta PCM: fizikia, kemia na hisabati. Nyumbani hatuna kompyuta. Ataweza?

Mwalimu, Sakina
Ataweza, mama. Nafundisha somo hili hapa Arusha; wengi wanaangushwa na hisabati na kukosa subira ya kufikiri hatua kwa hatua. Mpe kalamu leo. Aandike 13 kwa 0 na 1 tupu, kama kompyuta inavyohesabu: 1101, yaani 8+4+0+1. Kisha mwulize: majina 1,000 yamepangwa kialfabeti, ukiigawa orodha katikati kila mara na kubaki na nusu yenye jina, utalinganisha mara ngapi hadi ulipate jina? Hazizidi 10. Aking'ang'ana na swali hilo mpaka alielewe, huyo ni wetu. Ila shule nenda mwenyewe, uone kompyuta zinazowaka ni ngapi.

Kijana wa Njiro
Mimi nilipita PCM, chuo nikasoma kompyuta. Mjomba hajakosea sana.

Mama wa Pasua, Moshi
Asante mwalimu. 1101 kaipata, la majina bado analo. Mzazi anaruhusiwa kuingia maabara?

Mwalimu, Sakina
Mwone mwalimu wa taaluma, mwombe.